Moto Uliovuka Ukuta

Watu wa Manah walimwita Turkiya "Mzinjibari", ingawa Unguja hakuwahi kuikanyaga. Alizaliwa Ujiji, baba yake akiuza vitambaa na mafuta ya mawese, na alikuwa msichana wa shule familia ilipofunga mizigo kuja Oman. Lakini huku kila aliyefika akisema Kiswahili alikuwa Mzinjibari, awe katoka Ujiji, Tabora au Bujumbura. Miaka ya mwanzo Turkiya alisahihisha. Baadaye alichoka, jina likakaa.

Kiingereza alichokuja nacho ndicho kilichompa kazi. Alikuwa opereta wa simu katika hospitali moja mjini Nizwa. Madaktari wa Kihindi walimsemesha Kiingereza, wapigaji Kiarabu, na wazee waliopotea kwenye korido walifikishwa kwake na kuambiwa, "Huyu mama anajua lugha yenu." Alikuwa na sauti tulivu ambayo haikupanda hata pale simu zilipokuwa zikilia kwa pamoja. Mumewe, Hamdun, mtu wa Bujumbura, alikuwa akimtania kwamba hata wakigombana yeye husema, "Subiri kidogo, nakuunganisha."

Hamdun alikuwa mtunza stoo katika ofisi moja ya serikali, Nizwa hiyo hiyo. Lakini roho yake ilikuwa Manah, katika shamba la mitende aliloachiwa na babu yake. Babu huyo aliondoka Manah kijana kwenda Afrika, asirudi. Mjukuu alipokuja kulidai shamba alikuta nusu ya mitende imekauka na ukuta wa udongo umelala. Alijifunza mitende akiwa mtu mzima, kama mtu anavyojifunza kuogelea ukubwani: kwa woga na kwa kumeza maji mengi. Siku ya kwanza alipopanda na kamba ya kiunoni alikwama katikati, ikabidi jirani apelekewe habari aje amshushe. Watu walicheka msimu mzima. Lakini alishika. Alipanda machipukizi mapya, akazibua mfereji wa falaji, maji ambayo wenye mashamba hugawana kwa zamu, akausimamisha ukuta kwa mikono yake. Ilipofika mwaka 1998 shamba lilikuwa kijani, na Hamdun alikuwa akiwaonyesha wageni kila mtende kwa jina, kama mtu anayetambulisha watoto.

Upande wa pili wa ukuta lilikuwa shamba la Bi Ghalia, mjane wa hapo hapo Manah, mwanamke mrefu, mkavu, asiyeongea ila ana jambo. Mwanawe wa pekee alikuwa askari Salala. Bi Ghalia aliishi kwa mitende ile na ng'ombe mmoja wa maziwa, aliyefungwa kwenye banda la makuti mwisho wa shamba.

Mwanzoni mwa mwezi wa Machi mwaka huo nge alimuuma Bi Ghalia mguuni. Alikaa ndani mpaka uvimbe ukapungua, kisha akaja ukutani akimtafuta Hamdun. Walisemezana Kiarabu, kwani Bi Ghalia hakujua lugha nyingine.

"Hamdun! Marundo yako haya ni nyumba ya nge. Yameegemea ukuta wangu tangu mavuno."

"Samahani, khalti," Hamdun alisema, akimwita mama mdogo kwa heshima. "Kazi zimenibana."

"Au nyinyi Wazinjibari mnadhani mtende ni mnazi? Makuti haya mtaezekea nini?"

Wafanyakazi wa shamba la jirani walikuwa wakisikia, wakacheka. Hamdun naye alicheka, lakini jioni yake aliporudi nyumbani Turkiya aliliona lile neno bado limemkwama kooni.

"Alhamisi nayachoma yote," alisema. "Sitaki mtu aje kunisema tena kwa ajili ya makuti."

Siku hizo mapumziko yalikuwa Alhamisi na Ijumaa, lakini opereta wana zamu zao, na Alhamisi ile Turkiya alikuwa kazini. Asubuhi alikuwa amesimama jikoni akinywa chai, buibui tayari mabegani, redio inasema. Baridi ilikuwa imevunjika siku chache tu nyuma, na hewa ilikuwa kavu kiasi kwamba midomo ya watoto ilipasuka. Msomaji wa habari alisema pepo kali za magharibi zitaanza adhuhuri katika mikoa ya Dakhiliya, yaani kwao, na Sharqiya, zitakuja kwa mikupuo, na vumbi litazuia kuona. Wenye mashamba waliombwa wasiwashe moto.

"Baba Yaarub, umesikia?"

"Nimesikia. Adhuhuri, kasema. Mimi saa nne nshamaliza."

"Yaache. Yamekaa tangu mavuno, wiki moja zaidi itakuwa nini?"

"Nimempa ahadi mzee wa watu, Turkiya. Nge kamuuma kwa ajili yangu."

"Na maji je? Leo si zamu yetu ya falaji."

"Nitajaza ndoo."

Teksi ya kwenda Nizwa ilikuwa nje ikipiga honi. Turkiya alitia kikombe kwenye karai, akamwambia, "Basi weka maji karibu," akatoka. Yaarub, mtoto wao mkubwa, alikuwa na miaka kumi na mitano na alikuwa bado amelala. Lujain, mdogo wake, alikuwa akitafuta kiatu.

Hamdun alifanya alivyosema. Aliyavuta makuti mbali na ukuta, akayachoma rundo baada ya rundo, na saa nne yalikuwa yameshuka kuwa majivu. Aliyamwagia ndoo zake zote. Lakini chini ya makuti kulikuwa na magome, yale magamba mazito yanayobaki chini pale mtu anapolisafisha shina la mtende, na gome la mtende huweka moto ndani kama mtu anavyoweka kinyongo. Kwa juu lilionekana limezimika. Mfereji ulikuwa mkavu, umezibwa kwa jiwe na matambara, maji yanakwenda kwa wengine. Hamdun alichukua ndoo kwenda kuteka kisimani, kwa tahadhari tu.

Upepo haukungoja adhuhuri. Ulianza na mkupuo mmoja ulioinua vumbi la barabara nzima, ukatulia, watu wakafikiri umepita. Wa pili uliyafagia majivu, ukayafunua magome, ukayarusha yakiwa mekundu juu ya ukuta. Mitende ya Bi Ghalia ilikuwa haijasafishwa mwaka ule. Kila shina lilikuwa limevaa makuti yake makavu kuanzia chini mpaka kileleni. Moto haukuwa na haja ya kutambaa, ulipanda.

Kule Nizwa madirisha ya chumba cha simu yalikuwa yakigongagonga na mwanga umekuwa wa rangi ya manjano. Simu zilikuwa nyingi: magari yamegongana kwenye barabara ya Izki kwa sababu ya vumbi, bati limeruka likamkata mtu. Ndipo ikaja simu kutoka kituo cha afya cha Manah.

"Tunaleta mtu ameungua. Moto wa mitende. Mwanamume, miaka hamsini hivi. Waambie wajitayarishe."

"Jina lake?"

"Bado hatujui. Nguo zote zimeungua."

Turkiya aliwaunganisha na chumba cha dharura, akapokea simu nyingine, na nyingine. Aliufikiria moto wa Manah, akajiambia Manah kuna mashamba mengi. Alipiga simu nyumbani. Lujain akasema baba hajarudi. Kisha ile sauti ya kituo cha afya ikarudi.

"Yule wa moto, gari limeshatoka naye. Andika, wanasema ni Mzinjibari. Ana shamba linalopakana na la Ghalia."

Turkiya alisema, "Nimepokea, ahsante," kwa sauti ile ile. Alivua vipokea sauti vya masikioni, akaviweka mezani, akamwambia mwenzake, "Shika meza." Kisha akatoka kwenda mlango wa dharura.

Gari lilipofika hakumtambua kwa uso. Alimtambua kwa miguu. Walimruhusu kusimama karibu kwa muda mfupi, na Hamdun, ambaye kope zake zilikuwa zimeshikana, alisikia sauti yake.

"Turkiya."

"Mimi hapa, baba."

"Ng'ombe katoka?"

Turkiya hakujua habari ya ng'ombe yeyote. "Katoka," alisema.

"Alhamdulillahi."

Walimpeleka Maskati jioni ile ile. Aliishi siku chache, bila kusema tena neno lililoeleweka, na Alhamisi ya pili haikumkuta. Walimrudisha Manah, wakamzika.

Habari za siku ile Turkiya alizikusanya vipande vipande, kutoka kwa waliokuja matangani. Kwamba Hamdun alipouona moto aliruka ukuta na ndoo mkononi. Kwamba alimkuta Bi Ghalia nje ya shamba, salama. Kwamba banda la ng'ombe lilikuwa limeshika upande mmoja, naye akaingia, akaikata kamba, ng'ombe akamkumba akatoka, na paa likamwangukia. Watu wa zimamoto waliuzuia moto kwenye ukuta wa mji wa kale, kabla haujaingia nyumba za udongo. "Alikufa kiume," walimwambia. "Aliingia mwenyewe kwa ajili ya mali ya jirani." Wengine walisema majuto ni mjukuu, na wengine kwamba maji yakimwagika hayazoleki, mpaka Turkiya akatamani watu wanyamaze wamwachie kahawa tu.

Na kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyelisema mbele yake, ila aliliona kwa macho yake siku walipomrudisha marehemu, alipopitishwa pale garini. Kwa kuwa upepo ulitoka magharibi, shamba la Hamdun halikuungua hata kuti moja. Lilisimama kijani, makarara yanapasuka, tayari kutiwa unga wa dume. Upande wa pili wa ukuta yalibaki mashina meusi, yamesimama kama nguzo za nyumba isiyo na paa.

Kaburini, Marhoun, kaka yake Hamdun, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Ibra, alisimama akawaambia watu kama ada ilivyo: aliyekuwa na haki kwa marehemu na aseme, na asiyekuwa na la kudai na asamehe. Wanaume wote walisema wamesamehe. Lakini mwenye haki hakuwa mwanamume, na hakuwa kaburini.

Bi Ghalia alikuja siku ya tatu. Wanawake walimpisha, akakaa karibu na Turkiya, akasoma Fatiha, akanywa kikombe kimoja cha kahawa. Ukumbi mzima ulikuwa unasubiri. Turkiya aliushika mkono wake.

"Khalti, namwombea radhi mume wangu. Msamehe."

Bi Ghalia aliuangalia ule mkono. "Mungu amrehemu," alisema.

"Msamehe, khalti. Sema tu neno."

"Mungu amrehemu," alisema tena, akautoa mkono wake taratibu, akainuka akaenda zake.

Turkiya alikaa eda. Miezi ile minne na siku kumi hakutoka nyumbani, na lile neno ambalo halikusemwa lilimkaa ndani. Alikuwa amelelewa akijua kwamba mtu akifa na haki ya mwenzake shingoni, haki haifi naye. Hamdun hakuchukua mali ya mtu maishani mwake. Sasa alikuwa amelala chini na deni la mitende yote ya mjane. Na kila asubuhi Turkiya alirudi jikoni kichwani mwake, redio inasema, honi inalia nje. Angeweza kuficha kiberiti. Angeweza kuiacha teksi iende.

Eda ilipokwisha, tende zilikuwa zimeiva. Yaarub na vibarua walivuna, na Turkiya akachagua zile nzuri, mbivu laini za kwanza, akajaza kikapu akampelekea Bi Ghalia. Jioni kikapu kilirudi mlangoni kama kilivyokwenda, kitambaa hakikufunuliwa.

Wiki ile Marhoun alikuja kutoka Ibra kuzungumzia mirathi. Turkiya alimwambia anataka shamba la Hamdun apewe Bi Ghalia, alile mpaka mitende yake ipone.

"Shemeji, una akili wewe?" Marhoun alisema. "Polisi wameandika ajali. Wazee wamekaa, wamesema ni kadari. Shamba ni la mayatima."

"Mayatima wana mama yao anafanya kazi. Yule hana kitu."

"Huwezi kutoa cha watoto. Sheria haikuruhusu, wala mimi sikuruhusu."

"Na thumni yangu?"

"Thumni yako ni yako," Marhoun alikiri. "Hiyo ukitaka katupe jangwani."

Basi alichukua fungu lake la mke, sehemu moja katika nane, akachagua iwe ile mitende iliyo kando ya ukuta, na kuanzia msimu ule matunda yake hakuyagusa. Aliyaacha yamefungwa kwenye magunia, juu ya ukuta, upande wa Bi Ghalia. Mwaka wa kwanza panya waliyala. Mwaka wa pili magunia yalichukuliwa, na hakuna aliyesema neno.

Lakini kitu kikubwa zaidi alikifanya bila kukusudia. Fundi mmoja wa mitende alimwambia kwamba mtende ulioungua si lazima uwe umekufa. Moyo wake uko juu, ndani, na ukipewa maji unaweza kurudi. Kibarua wa Bi Ghalia alikuwa ameshaondoka, na zamu yake ya falaji ilikuwa inapita bure. Alhamisi moja Turkiya alifunga kanga kiunoni juu ya gauni, akavuka pale ukuta ulipobomoka siku ya moto, akatoa jiwe na matambara yaliyoziba mfereji wa Bi Ghalia. Maji yakaingia kwenye ardhi nyeusi, yakatoa harufu ya moshi kana kwamba moto ulikuwa wa jana.

Bi Ghalia alitokea, akasimama.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna, khalti."

"Ukimaliza uzibe. Maji ya baadaye ni ya watu."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao ya mwaka mzima. Turkiya alikuja kila wiki zamu ilipomruhusu. Wenzake kazini walimwona anakuja na kucha zenye tope, na mkubwa mmoja wa ofisi akamuuliza kama ana shida nyumbani. Yaarub alimkasirikia. "Kwetu hupandi juu kukagua mitende, unakwenda kwake," alisema. "Baba alikufa kwa ajili ya ng'ombe wa huyu mwanamke, na bado wewe ndiye unayepiga magoti." Yaarub alipomaliza shule alikwenda kufanya kazi Sur, na Manah akawa haji ila sikukuu.

Katika mitende ya Bi Ghalia mingi ilikufa. Mashina yaliliwa na wadudu kwa ndani, yakaanguka moja moja, bila upepo. Lakini mwishoni mwa mwaka uliofuata, juu ya shina lililokuwa jeusi kabisa, Turkiya aliona kijiti cha kijani kimechomoza kama kidole. Alimwita Bi Ghalia. Yule mzee alikuja, akainua kichwa, akakaa hivyo muda mrefu, kisha akasema tu, "Khalasi," kwa jina la aina ya mtende ule, akarudi ndani. Baada ya muda akatoka na kahawa, akaiweka chini karibu na mfereji. Walikunywa bila kutazamana.

Toka hapo kulikuwa na kahawa kila Alhamisi. Haukuwa urafiki. Bi Ghalia alimfundisha kupasua karara la dume na kulifunga ndani ya jike kwa uzi wa kuti, akimfokea kila akikosea. Turkiya alimpeleka hospitali macho yalipoanza kuingia ukungu. Mara mbili, tatu, katika miaka ile, alijikaza akamwomba tena lile neno. Kila mara Bi Ghalia aligeuza uso, akasema, "Mungu amrehemu," na Turkiya akajifunza kutouliza.

Mwaka 2005, Bi Ghalia aliangukia kitandani. Mwanawe alimtoa nyumba ya udongo, akamweka kwenye chumba cha matofali mjini Manah, akaajiri msichana wa Kihindi wa kumtazama, akarudi kazini. Ilikuwa tena Machi. Turkiya alikwenda kumwona baada ya zamu. Nje upepo ulikuwa ukisukuma mchanga chini ya mlango, na Bi Ghalia, ambaye sasa alikuwa haoni, aligeuza kichwa kuusikiliza.

"Ummu Yaarub."

"Naam, khalti."

"Kila unaponiomba nimsamehe mumeo, nasikia sauti yangu."

Turkiya hakuelewa. Alimsogezea maji. Bi Ghalia akayasukuma.

"Alinikuta nje. Alinishika mabega akaniuliza, uko salama, khalti? Nikamwambia niko salama. Akageuka kwenda kuita watu. Alikuwa ameshageuka, Turkiya." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake. "Mimi ndiye niliyemrudisha. Nilimwambia, umenichomea mitende, na ng'ombe wangu naye umwache aungue? Ingia umtoe, au hutaki kuingia kwa sababu si wako? Nilimfokea. Mbele yangu aliingia."

Turkiya aliuliza, "Banda lilikuwa limeshashika?"

"Lilikuwa limeshashika."

"Na ulikuwa unaona?"

"Nilikuwa naona. Wakati ule macho yangu yalikuwa mazima. Nitamsameheje mtu niliyemuua? Mimi ndiye ninayetaka radhi. Yeye hayupo. Nakuomba wewe."

Turkiya alikaa pale na bilauri ya maji mkononi. Miaka saba alikuwa amebeba habari moja, kwamba mumewe aliingia motoni mwenyewe kwa wema wake, na habari ile ndiyo aliyowalelea watoto. Alikuwa ameinywesha ardhi ya mwanamke huyu kwa mikono yake. Alikuwa amempoteza mwanawe nusu kwa ajili yake. Na huyu, wakati wote ule, akinywa naye kahawa, alikuwa anajua. Hakuhisi huruma. Alihisi hasira safi, kama ya mtu aliyeibiwa na mgeni aliyemlaza chumbani mwake.

"Kwa nini hukusema matangani? Watu wote walikuwa pale."

"Nilikuja kusema. Ukanishika mkono ukaniomba wewe kwanza."

Turkiya aliiweka bilauri chini, akainuka.

"Turkiya. Sema tu neno."

Alivaa viatu mlangoni. Yule msichana wa Kihindi alimwangalia, akiwa haelewi Kiarabu chao, akamfungulia mlango, na upepo ukaingia chumbani na vumbi lake. Turkiya alitoka bila kugeuka.

Alifikiri atarudi Alhamisi. Hakuwa ameamua asamehe. Alitaka kwanza hasira ipoe, alitaka kulala, alitaka kumpigia Yaarub simu Sur na kumwambia, na hakujua amwambie vipi. Jumatatu akiwa mezani kwake kazini aliunganisha simu ya mtu aliyekuwa akiuliza utaratibu wa cheti cha kifo, mama yake amefariki Manah, yeye ni askari yuko njiani kutoka Salala. Turkiya alimuuliza jina la marehemu kama alivyotakiwa kuuliza, akalisikia, akamuunganisha.

Aliomba ruhusa akapanda teksi. Alikuta wanawake wameshakusanyika na maji yamechemshwa. Waosha maiti waliuliza nani wa karibu atasaidia, na kwa kuwa Bi Ghalia hakuwa na binti wala dada, watu walimtazama Turkiya. Wote walijua ni yeye aliyemtunza. Alikunja mikono ya gauni lake. Mwili ulikuwa mwepesi kama wa mtoto, na mguuni bado kulikuwa na alama ndogo ya nge. Alimwagia maji pale alipoambiwa, akamgeuza alipoambiwa. Walipomaliza kumvisha sanda, na kabla hawajaufunga uso, Turkiya aliinama akasema sikioni mwake, kwa Kiswahili, kwa kuwa Kiarabu hakikumjia:

"Nimekusamehe, mama. Nimekusamehe. Na yeye msamehe."

Wanawake walidhani anasoma dua, wakasema amina.

Hakujua kama maneno yale yalikuwa kweli wakati alipoyasema. Kuna siku baadaye yalikuwa kweli na siku nyingine hayakuwa. Alimweleza Yaarub sikukuu ilipofika. Kijana alisikiliza mpaka mwisho, akatoka nje akakaa garini peke yake, kisha akarudi akala chakula na mama yake. Mtoto wa Bi Ghalia aliliuza shamba. Mnunuzi aling'oa mitende, ile iliyokufa na ile iliyokuwa imerudi, akajenga maduka yenye milango ya bati, na upepo wa magharibi ukivuma milango ile husikika mpaka barabara kuu.